Betri Chini ya Shela

Kuna mlio mdogo ambao hata leo nikiusikia popote, hata kwenye jokofu la dukani, ninanyamaza na kusikiliza. Ni mlio wa feni ndogo inayozunguka kwa nguvu kuliko ilivyokusudiwa. Katika gari letu ulitoka nyuma ya viti, upande wa kushoto, na ulianza hasa tulipopanda kutoka ziwani kwenda Kamembe, mji wetu wa mpakani, kiyoyozi kikivuma na bibi harusi akiwa kando yangu akiniuliza kama kope zake za bandia bado zimeshika. Nilimjibu kwamba zimeshika. Sikuwa nimemtazama. Nilikuwa nasikiliza feni.

Gari lenyewe lilikuwa la spoti, jekundu, la milango miwili, limelala chini kiasi kwamba mtu mzima aliliingia kama anayeingia kitandani. Tena lilikuwa haibridi. Mbele lilikuwa na injini ndogo ya petroli iliyounganishwa na mota ya umeme, na nyuma, chini ya sakafu ya buti, lilikuwa na betri kubwa iliyojichaji yenyewe kila gari lilipoteremka au kupunguza mwendo. Halikuwa na waya wa kuchomeka ukutani. Jambo hilo nimelieleza kwa watu mara nyingi kuliko nilivyowahi kueleza shahada yangu.

"Sasa ikikwishiwa umeme katikati ya njia, munafanya nini?" waliniuliza vijana wa kuosha magari.

"Haiishiwi. Inajichaji."

"Inajichaji na nini?"

"Na mteremko."

Walicheka sana. Nami niliporudi nyumbani nililala nikifikiri kwamba nimeeleza vibaya, kwamba watasimulia mjini kuwa tuna gari linalokula mteremko, na kwamba kwa namna fulani walikuwa sahihi.

Papa, baba yangu, alilinunua baada ya kuuza pikapu yake. Kwa miaka mingi alikuwa akibeba mpunga kutoka Bugarama kuuleta Kamembe, na kabla ya hapo aliendesha malori ya watu wengine, kazi ambayo hakupenda kuisimulia. Siku aliyopata pikapu yake mwenyewe alimwambia Maman kwamba hatashika tena usukani wa mtu. Maman, ambaye huvuka mpaka kwenda Bukavu na kurudi na vitenge, alinisimulia hilo mara nyingi. Alisema alikuwa hajawahi kumwona mwanaume akiosha gari huku akiimba. Lakini mgongo wa Papa ulichoka na magunia na vumbi, na daktari alimwambia atafute kazi nyepesi. Papa aliangalia mji wetu akaona kazi nyepesi moja tu: harusi.

Kila Jumamosi watu walioa. Wenye uwezo walikodi kutoka Kigali gari la kumbeba bibi harusi, wengine walilivusha kutoka Bukavu, na hapa kwetu hakukuwa na hata moja la kufanya watoto wakimbie kandokando ya barabara. Mtu mmoja anayeleta magari kutoka Ulaya alikuwa na hili jekundu, usukani upande wa kushoto kama sheria ya hapa inavyotaka, na bei yake ilikuwa chini kuliko nilivyotegemea. Nilimuuliza kwa nini.

"Ni juu ya milango, iko na mbili tu," alisema. "Familia hazipendi."

Papa alitosheka na jibu hilo. Mimi niliendelea kuuliza kichwani kwa wiki nzima. Usiku nilisoma kwenye simu malalamiko ya watu wa nchi za mbali waliokuwa na gari kama lile, nikajua kwamba betri ya haibridi huzeeka hata ikitunzwa, na kwamba ikifa, bei yake humfanya mtu akae chini. Nilimwambia Papa. Akasema watu wenye gari nzima hawana muda wa kuandika kwenye simu.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza chuo, usimamizi wa biashara, na kazi yangu ilikuwa kutuma maombi ya kazi. Papa hakuweza kuliendesha gari mwenyewe kwa sababu kuingia na kutoka kulimuumiza mgongo. Tena alisema mabibi harusi watafurahi dereva akiwa msichana, atawasaidia kukunja gauni. Hivyo nikawa shofere, na yeye akawa mtu wa kusimama mlangoni mwa kanisa akiwa amevaa koti, akingoja kuufungua mlango. Hakuna aliyelisema nyumbani, lakini wote tulilijua: gari hili likishindwa, Papa atarudi kuendesha lori la mtu.

Harusi yetu ya kwanza karibu iwe ya mwisho. Gari za aina ile zikisimama, injini hujizima ili kuokoa mafuta, na ukiachia breki huwaka tena. Nililijua hilo. Papa alilijua. Lakini hatukufikiri kuwaambia watu wa harusi. Nilisimama mbele ya kanisa, msafara wote nyuma yangu ukipiga honi, na injini ikanyamaza kimya kabisa. Shangazi wa bwana harusi alikuwa wa kwanza kugundua.

"Imezima! Yesu wangu, imezima mbele ya kanisa!"

"Haijazima, Maman," nilisema kupitia dirishani. "Iko inapumzika."

"Kupumzika? Imefanya kazi gani?" Akageuka. "Batoto ba kiume! Kuyeni musukume!"

Wanaume waliovaa suti waliacha magari yao, wakaja, wakaweka mikono juu ya buti letu jekundu na kuanza kusukuma. Nilikuwa nimekanyaga breki kwa sababu bibi harusi alikuwa na mguu mmoja nje. Walisukuma, mimi nikashikilia, yeye akapiga kelele. Papa alikuja mbio kutoka mlangoni akiinua mikono kama askari wa barabarani. Mwishowe bibi harusi alirudisha mguu ndani, nikaachia breki, injini ikawaka, na wale wanaume wakashangilia kwa sababu waliamini ni wao.

Kuanzia siku hiyo Papa alitaka injini isizime kamwe mbele ya watu. Nilijifunza kwamba kiyoyozi kikiwa kwenye baridi ya juu kabisa, injini hubaki ikinguruma. Basi kila harusi tuliendesha na kiyoyozi cha juu kabisa, polepole, kwa mwendo wa msafara, juu ya milima yetu. Gari lile lilikuwa limetengenezwa kwa barabara tambarare na mtu mmoja mwenye haraka. Sisi tulilitembeza kama jeneza.

Gharama zilianza ndogo ndogo, na hilo ndilo linalochosha. Gharama kubwa ingetushtua tukaamka. Matuta ya barabarani, ambayo hapa tunayaita dodani, yalikuwa marefu kuliko tumbo la gari, kwa hiyo bampa la mbele lilipasuka, likashonwa kwa waya, likapakwa rangi, likapasuka tena. Matairi yake yalikuwa ya kipimo ambacho hakuna aliyekuwa nacho Kamembe wala Bukavu. Yaliagizwa Kigali, na tulipoyapata mawili tu tuliyafunga mbele na kuomba Mungu kuhusu ya nyuma. Mafuta ya gia yalikuwa ya aina yake peke yake. Kwenye bima, kijana wa dirishani aliangalia karatasi za gari, akaniangalia mimi, akaangalia tena karatasi, kisha akauliza kama ni gari la kifahari, la biashara au la umeme. Nilisema la harusi. Akatuweka kwenye daraja la juu kuliko yote matatu.

Ni kweli lilikunywa petroli kidogo. Papa alilisema hilo kila mara, kwa kila mtu, kama baba anayesema kwamba mwanawe hanywi pombe. Na mimi, kwa sababu nimesomea mambo hayo, sikuweza kujizuia kuona kwamba tulichookoa kwenye petroli mwezi mzima kilimezwa na dodani moja.

Kisha taa ikawaka kwenye dashibodi. Ilikuwa ya rangi ya chungwa, ndogo, wala haikuambatana na jambo lolote lingine. Gari lilienda. Maharusi walioana. Lakini kwenye mlima lilianza kuwa zito, kana kwamba mtu aliyekuwa akitusukuma kwa siri amechoka na kwenda zake, na mshale unaoonyesha nguvu ya betri ulikuwa ukipanda na kushuka wenyewe. Nilianza kuota mshale huo. Niliweka kipande cha plasta juu ya taa ili maharusi wasiione, halafu nikawa na wasiwasi kwamba wataona plasta.

Mashine ya kusoma ugonjwa wa gari kama hilo haikuwepo karibu. Ilibidi tulipeleke Kigali, kupitia msitu wa Nyungwe. Papa alikaa kando yangu na mto mgongoni. Ule msitu ni mpando na mzunguko, mpando na mzunguko, na ukungu. Mimi nilikuwa nikikokotoa: tukipanda hadi pale betri itaisha, tukiteremka itajaa, lakini ikijaa haraka itapata joto, na ikipata joto feni itaanza. Papa aliangalia nyani kando ya barabara.

"Unatetemeka nini?" aliniuliza.

"Sitetemeki. Nafikiri."

"Basi fikiri polepole, gari inacheza."

Fundi wa Kigali aliunganisha kompyuta yake, akanywa chai yake, akatueleza kwa upole kwamba betri kubwa imekufa sehemu kadhaa na kwamba nyingine inaweza kuagizwa. Alipotaja bei, Papa alimwomba airudie.

"Hiyo ni karibu bei ya gari yenyewe," Papa alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Basi muntu anunue batri, gari apewe bure."

Yule fundi alicheka, na Papa pia akacheka, kicheko kirefu ambacho hakikufika machoni. Tulirudi siku hiyohiyo.

Kamembe tuna fundi wetu, mzee wa miaka ya Papa, aliyekuwa akitengeneza pikapu. Hakupenda gari la umeme na hakuficha. Lakini Papa alimwomba angalau afungue nyuma tuone hiyo betri inafananaje. Alitandaza gunia, akaondoa kiti kidogo cha nyuma, kisha paneli ya plastiki yenye matundu kama ya spika. Siku zote tuliidhani spika ya redio. Papa aliwahi hata kulalamika kwamba haitoi sauti.

Nyuma ya ile paneli kulikuwa na feni, na ndani ya feni kulikuwa na harusi.

Sijui niseme vipi vingine. Kulikuwa na petali za waridi zilizokauka na kuwa nyeusi. Kulikuwa na zile karatasi ndogo za kung'aa wanazorusha watu kanisani, na nyuzi za wavu wa shela zilizojizungusha kwenye mhimili mpaka zikawa kama kamba, na unga wa pambo la kucha, na unyoya mmoja mweupe, na kipande cha utepe. Fundi alivitoa kwa koleo, kimoja baada ya kingine, akivipanga juu ya boneti.

"Hii ni ya nani?" aliuliza akiinua utepe.

"Ya wale ba mwezi wa nane," alisema Papa taratibu. "Nakumbuka ile rangi."

Nilielewa pale pale, na sikutaka kuelewa. Feni ile ilivuta hewa ya ndani ya gari ili kuipoza betri. Kwa kuwa gari lilikuwa dogo, kila kitu cha bibi harusi tulikitupa nyuma: mkia wa shela, maua, katoni ya viatu, zawadi za wasimamizi. Kila Jumamosi tulilifunika pua kwa gauni, tukalipandisha mlima polepole, tukalizuia kupumzika. Lilikufa kwa kazi tuliyolinunulia. Gari lilelile mikononi mwa kinyozi au mwalimu wa Ulaya lingeishi miaka mingi zaidi, likienda kazini na kurudi. Nilianza kumweleza Papa jambo hilo lote kwa utaratibu, sababu na matokeo.

"Nyamaza kidogo," alisema. Haikuwa kwa hasira. "Naona."

Fundi alisema kitu kimoja chenye manufaa: kwamba injini ya petroli bado nzima, na gari linaweza kwenda kwa injini peke yake. Nilirudi kwenye simu yangu na kukuta kasoro ya mpango huo. Gari la kawaida lina dinamo inayochaji betri ndogo, ile ya taa, honi na cheche za injini. Letu halikuwa nayo. Kazi hiyo ilifanywa na betri kubwa. Betri kubwa ikifa, betri ndogo inaishi kwa kile ulichoiwekea nyumbani tu, kama simu.

Basi tukawa na gari la kuchajiwa ukutani baada ya yote. Vijana wa kuosha magari wangefurahi. Kila Ijumaa Papa alichaji betri mbili ndogo sebuleni, akizitazama kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Moja ilikaa mahali pake; ya akiba tuliiweka miguuni pa bibi harusi, ndani ya kikapu, imefunikwa kitambaa cheupe. Bibi harusi mmoja aliniuliza kama ni zawadi. Nilisema ndiyo.

Tulifanya harusi kadhaa namna hiyo. Nilizima kila nilichoweza kuzima. Niliendesha bila redio, bila kiyoyozi, madirisha wazi, na mabibi harusi walifika wakiwa na nywele zilizopangwa upya na upepo. Papa aliniambia tunahitaji kufika msimu wa mavuno tu. Sikumuuliza msimu wa mavuno ungetusaidia nini. Nadhani alikuwa bado anahesabu mwaka kwa mpunga.

Halafu ikaja harusi ya msichana wa kisiwa cha Nkombo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kisiwani. Kaka zake ni wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Alivuka kwa mtumbwi wa injini pamoja na ukoo wake, sisi tukamngoja ufukweni, na alipokanyaga nchi kavu akiwa ameinua gauni kwa mikono miwili niliona viatu vyake vilikuwa vikavu kabisa. Aliingia, akaweka miguu kando ya kikapu, akashusha pumzi. Kanisa lilikuwa juu. Papa alikuwa tayari juu, mlangoni, na koti lake.

Nilianza kupanda bila taa. Msafara hapa huenda na taa zote zikimetameta na honi isiyokoma tangu mwanzo hadi mwisho. Ndivyo mji unavyojua kwamba kuna watu wanaooana. Nilikuwa nimeamua kwamba siku hiyo mji utajua kwa kuona. Gari la nyuma yetu lilitupita, likaenda sambamba nasi, na mama mmoja mwenye kitambaa kirefu kichwani akatoa kichwa dirishani.

"Shofere! Mbona taa hakuna? Tunazika ao tunaoa?"

"Maman, batri..."

"Washa mataa! Piga honi! Huyu ni mutoto wetu wa kwanza kusoma, hataenda kimyakimya kama mwizi!"

Bibi harusi aliniangalia. Niliona kwamba alitaka honi. Ningekuwa mimi ningetaka. Nikawasha taa zote, nikaweka kiganja kwenye honi, na msafara wote ukaitikia nyuma yetu, na kwa muda wa mlima nusu lilikuwa jambo zuri sana. Watoto walikimbia. Mwanamke mmoja aliyebeba mkungu wa ndizi alisimama akatikisa kiuno. Kisha honi ikaanza kushuka sauti, kama mbuzi anayepelekwa mbali. Dashibodi ikafifia. Usukani ukawa mgumu. Nikasogea ukingoni, na gari likazima, na safari hii halikuwa likipumzika.

Niliinama kuchukua betri ya akiba. Spana iliniponyoka, ikaanguka chini ya kiti. Mpanda pikipiki mmoja alipunguza mwendo kando yetu, akamwita bibi harusi.

"Maman wa mariage, panda huku! Nitakufikisha kwa padri bure, na taa nitawasha!"

Watu walicheka. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia kwa namna ile mbaya, ya mtu anayejaribu kufunga nati. Yule msichana alinigusa bega.

"Dada, wacha. Hii mulima nimeipanda tangu niko mutoto, na ndoo ya sambaza kichwani. Leo niko na maua tu."

Akafungua mlango mwenyewe. Mama mwenye kitambaa kirefu alishuka naye, akanung'unika kidogo kuhusu gari za Wazungu, kisha akaanza wimbo. Wanawake wa kisiwani walishuka kutoka kwenye magari yote, wakamzunguka bibi harusi, wakamshikia mkia wa shela, wakaanza kupanda kwa miguu wakiimba. Magari yalibaki barabarani yakiwa wazi milango, kama yamesahauliwa.

Papa alinisimulia baadaye yaliyobaki. Alisikia wimbo kabla hajaona mtu. Alisogea hadi ukingo wa barabara, mkono wake wa kulia tayari kushika kitasa cha mlango, na kilichotokea kwenye kona ni bibi harusi kwa miguu. Yule msichana alimpita, akamwambia, "Asante Papa," kama ambavyo angesema akifunguliwa mlango. Papa aliteremka mlima taratibu hadi nilipokuwa. Nilimweleza kuhusu honi na mwendo wa umeme. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha, kwa taabu, mguu mmoja kisha mwingine, aliingia akakaa kwenye kiti cha bibi harusi.

"Kiti kiko bien, kizuri," alisema.

Tulikaa. Kwa mbali kule juu kengele ilipigwa.

"Nilifikiri harusi ni kazi nyepesi," alisema.

Tuliliweka sokoni. Walikuja wanunuzi wa kila aina, na kila mmoja Papa alimwambia ukweli kuhusu betri mapema kabisa, kabla hajaulizwa, kwa haraka, kana kwamba alitaka aondoke. Waliondoka. Maman alimshauri aanze na sifa. Papa akasema sifa wataziona wenyewe, ni nyekundu. Alitaka bei ya pikapu nyingine, hata kuukuu. Bila hiyo alijua ni nini kinachomngoja, na mwenye lori mmoja wa Bugarama alikuwa ameshampigia simu mara mbili, na mara zote mbili Papa alikuwa amesema atafikiri.

Aliyelinunua ni mama mwenye bustani ya sherehe kando ya ziwa. Hukodisha viti, mahema na sehemu ya kupigia picha. Alilizunguka gari mara moja, akajipangusa jasho, akakaa.

"Papa, mambo ya batri usinielezee. Mimi sitaki itembee. Nataka isimame."

"Isimame wapi?"

"Pale kwa maua, ikitazama ziwa. Bale ba harusi bapige nayo picha. Siku hizi kila muntu anataka kuonekana na gari, na gari ya kukodi iko bei kali."

"Gari isimame tu?" Papa aliuliza. "Kama nini?"

"Kama gari."

"Gari ambayo haitembei haiko gari, Maman. Iko kiti."

"Basi niuzie kiti," alisema yule mama, akacheka mpaka bangili zake zikalia. "Lakini siwezi kukupa bei ya gari kwa kiti. Hilo wewe mwenyewe umesema."

Walivutana kwa muda mrefu. Bei waliyofikia haikuwa ya pikapu. Haikuwa hata ya nusu ya pikapu. Papa alinitazama, na kwa mara ya kwanza nilikuwa sina hesabu ya kumpa. Niliona tu kwamba amechoka, na kwamba mimi pia nimechoka, na kwamba yule mama hakuwa akitudhulumu. Papa alimpa mkono.

Tulilipeleka Jumamosi. Papa alisema ataliendesha mwenyewe. Njia ni mteremko mtupu, mgongo utavumilia. Aliliendesha vizuri sana, mikono miwili kwenye usukani, akipunguza kwenye kila dodani mpaka karibu kusimama. Bustanini walikuwa wameweka vipande vya saruji juu ya majani. Alilipandisha juu yavyo kwa mara moja, bila kurudi nyuma, akazima. Yule mama aliomba tutoe betri ndogo ili watoto wasiwashe kitu. Nilizitoa zote mbili. Papa alipangusa vioo kwa leso, kisha boneti, kisha akaanza na magurudumu.

Tayari kulikuwa na bwana na bibi harusi wakingoja. Mpiga picha, kijana mwenye fulana nyeusi, aliwapanga wakiegemea mlango, akarudi nyuma, akainua kamera, akaishusha.

"Muzee, sogea kidogo. Uko ndani ya picha."

Papa alisogea.

"Kidogo tena. Kivuli."

Akasogea tena, mpaka kwenye ua wa michongoma, na hapo akasimama akitazama, mikono nyuma, kama mgeni wa harusi ambaye hajui ni wa upande gani. Bibi harusi aliweka kiganja chake juu ya buti jekundu. Alionekana mwenye mali. Gari pia lilionekana vizuri. Sikuwahi kuliona likiwa tulivu hivyo bila mimi kuogopa.

Tulipanda kurudi nyumbani kwa miguu kwa sababu Papa hakutaka pikipiki. Kila kijana mmoja alichukua betri moja, ndivyo Papa alivyosema akicheka, akimaanisha mimi na yeye. Katikati ya mlima simu yake ililia. Aliweka betri chini, akaangalia jina la yule mwenye lori kwenye kioo, akaiacha ilie. Nilidhani hataipokea. Kisha alivuta koti lake likae sawa mabegani, ingawa hakuna aliyekuwa akimwona, akaiweka sikioni.

"Ndiyo, patron," alisema. "Jumatatu. Nitashuka asubuhi."

Sikuwahi kumsikia akimwita mtu yeyote patron, yaani bosi. Alirudisha simu mfukoni, akainama kwa kupinda magoti jinsi daktari alivyomfundisha, akachukua betri yake, na akatangulia.